Yoga, Swala na Yanayofuata Baada ya Salamu



Napenda tuzungumze jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiislamu hapa Kigali wanaulizana pembeni, mabwenini na kwenye makundi ya WhatsApp, lakini mara chache linapewa muda wa kujadiliwa vizuri. Jambo hilo ni yoga, pamoja na ile hali ya moyo kutulia na kuhudhuria ambayo watu wanasema wanaipata humo.

Muhula huu swali hili liliulizwa wazi baada ya darsa ya Ijumaa usiku. Dada mmoja alisema kwamba tangu mitihani ikaribie halali vizuri, na moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mwenzake wa darasani, asiye Mwislamu, amemwalika kwenye kipindi cha yoga cha Jumapili asubuhi. Je, aende?

Majibu matatu yalitoka papo hapo. Wa kwanza akasema yoga ni ibada ya Wahindu na anayeikaribia ameikaribia shirki. Wa pili akasema haya ni mazoezi ya viungo tu, hayana tofauti na kukimbia siku ya Car Free Day. Wa tatu akasema: "Dada, wewe yoga unayo mara tano kwa siku. Swali tu, inatosha." Watu wakacheka, darsa ikafungwa kwa dua, na dada akaondoka na tatizo lake kama alivyokuja nalo.

Nimelitafakari swali lake tangu siku ile. Naona kila jibu kati ya yale matatu lina sehemu ya ukweli, na hakuna hata moja linalotosha. Mimi si mufti, na hukumu ya halali na haramu tunawaachia wenye elimu yake. Ninachotaka kukipima hapa ni swali lililo nyuma ya lile la dada: utulivu wa moyo ni wa nini? Tukishaupata, kwa yoga au kwa swala, unatudai nini?

Yoga kwa wenyewe

Uadilifu unatutaka tukitaja jambo la watu wengine tulitaje kama wao wenyewe wanavyolijua. Neno yoga ni la Kisanskriti na asili yake ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyounganishwa kwa nira. Maandishi yake yanayotegemewa zaidi ni Yoga Sutra, yanayonasibishwa na Patanjali, na yaliandikwa kabla ya kuja Uislamu. Humo njia ya yoga imepangwa kwa viungo vinane. Cha kwanza ni makatazo matano: kutodhuru kiumbe, kutosema uongo, kutoiba, kuhifadhi tupu na kutojilimbikizia mali. Cha pili ni mambo ya kujilazimisha, kama vile usafi na kuridhika na ulichonacho. Mikao ya mwili, hii tunayoiona kwenye picha, ni kiungo cha tatu. Cha nne ni kudhibiti pumzi, cha tano kuzirudisha hisia ndani, na vitatu vya mwisho ni vya kukusanya fikra hadi kufikia kilele ambacho wao wanakiita samadhi.

Jambo moja linastahili kuzingatiwa hapa. Kwa mpangilio wa wenyewe, kabla mtu hajakunja mguu anatakiwa awe ameacha uongo na wizi. Yoga inayouzwa leo kwenye kumbi za mazoezi duniani mara nyingi inaanzia kiungo cha tatu, inagusa cha nne, kisha inaishia hapo. Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema kwamba yoga ni mazoezi tu alisema kweli kuhusu kumbi hizo, lakini hakusema kweli kuhusu yoga. Mhindu mcha dini akimsikia ana haki ya kukunja uso, kama sisi tunavyokunja uso tukisikia Ramadhani ikitajwa kuwa mpango wa kupunguza uzito.

Waislamu hawakuanza jana kuijua habari hii. Katika karne ya 11, Abu Rayhan al-Biruni wa Khwarazm alijifunza Kisanskriti, akaandika kitabu kikubwa juu ya India, na akaihamishia kazi ya Patanjali katika Kiarabu. Katika karne ya 16 sheikh wa kisufi wa Gwalior, Muhammad Ghawth, aliandika kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Bahr al-Hayat kinachoeleza mikao na pumzi za mayogi. Tunaweza kukubaliana au kutokubaliana na Muhammad Ghawth katika aliyoyachukua. Lakini hawa wote wawili walitaka kwanza kulijua jambo lenyewe, wakasoma na kuuliza kabla ya kusema.

Maulamaa wamesema nini

Mwezi Novemba 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi kwamba yoga inayochanganya mikao, ibada na kuimba mantra kwa lengo la kuungana na mungu ni haramu kwa Mwislamu. Januari 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia nalo likakataza yoga yenye mantra na ibada, ila likaruhusu iliyo mazoezi matupu. Huko Saudi Arabia, Novemba 2017, Wizara ya Biashara iliiorodhesha yoga miongoni mwa shughuli za michezo zinazoruhusiwa kufundishwa.

Msomaji wa haraka ataona hapo mgongano. Ukisoma taratibu utaona mstari mmoja unaopita kote: mwili kunyooka na mapafu kujaa hewa havina ubaya, lakini kumwelekea asiyekuwa Allah kwa maneno au kwa nia hakuna ruhusa. Hili halitushangazi. Kanuni ya fiqhi tunayofundishwa tangu madrasa inasema asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza, na asili ya ibada ni kusimama pale tulipoelekezwa. Mazoezi yako upande wa kwanza, mantra iko upande wa pili.

Kwa hiyo dada yetu alistahili kuulizwa maswali kabla ya kupewa jibu. Je, kwenye kipindi hicho kunaimbwa kitu? Je, ule mfululizo wa mikao unaoitwa surya namaskara, yaani kulisalimu jua, unafundishwa kama salamu kwa jua au kama njia ya kunyoosha mgongo? Je, kuna sitara na hifadhi kwa mwanamke? Kama kinachofanyika ni kunyoosha viungo na kuvuta pumzi mahali pa staha, sioni wapi angekuwa ameiacha dini. Kama kinachofundishwa ni njia kamili yenye imani yake, basi akatae kwa adabu. Tawhidi yake inamtaka akatae. Heshima nayo inamtaka hivyo, kwa sababu kuiigiza ibada ya watu bila kuiamini ni kuwakosea wenye ibada hiyo.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye swali lake ambalo halikujibiwa kabisa. Dada alikuwa anaumwa. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu watafute dawa, na kukosa usingizi kwa wiki kadhaa huku moyo ukienda mbio ni jambo la kupelekwa kwa daktari au kwa mshauri wa wanafunzi. Kumwambia mtu wa hali hiyo "swali tu" ni sawa na kumwambia mwenye malaria asome Qur'an na asinywe dawa. Qur'an ni shifaa, na dawa pia imeteremshwa na Yeye aliyeiteremsha Qur'an.

Wanawake wa Kigali

Kwa sisi tunaoishi Rwanda mjadala huu una uzito ambao labda huko kwingine haupo. Mwaka 2007 mradi uitwao Project Air ulianza kufundisha yoga hapa Kigali, ukishirikiana na shirika la WE-ACTx lililokuwa likiwahudumia wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Wengi wa wanawake hao walikuwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na miongoni mwao walikuwamo waliobakwa na kuambukizwa katika siku zile. Kwa mtu wa namna hiyo, mwili wenyewe umegeuka mahali pa kuogopesha. Kuweza kulala chini, kufumba macho, na kuvuta pumzi ndefu bila hofu ni kazi kubwa. Kinyarwanda kina neno la maumivu hayo, ihahamuka, na kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili tunaona jinsi yanavyorudi, hata kwa vijana waliozaliwa baada ya 1994 na kuyapokea kutoka kwa mama zao.

Sijui nani angeweza kusimama mbele ya mwanamke huyo na kumpa jibu la mzaha kama lile la darsani. Siandiki haya ili niseme kwamba yoga ndiyo dawa ya nchi hii. Ninasema kwamba kutafuta utulivu wakati mwingine ni haja ya kweli kama haja ya maji, na jamii ya Waislamu ikiwa kazi yake ni kukataza tu, bila kumshika mkono mwenye haja, imekataza nusu na kuacha nusu. Mwenye njaa akizuiwa nyama ya haramu, anayemzuia awe na sahani mkononi.

Swala si mazoezi

Sasa nilirudie lile jibu la tatu, kwa sababu ndilo tunalolipenda zaidi. Kila baada ya muda kunasambazwa ujumbe kwenye simu zetu wenye picha za mtu katika rukuu na sijda, na maelezo kwamba rukuu inanyoosha uti wa mgongo, sijda inapeleka damu kwenye ubongo, na kwamba wanasayansi wamekiri swala ni yoga iliyo bora kuliko yoga. Tunausambaza kwa furaha, tukidhani tumeitetea dini.

Naomba tuufikirie tena. Kama thamani ya sijda ni damu kwenye ubongo, basi siku atakapotokea mtu na zoezi linalopeleka damu nyingi zaidi, tutamjibu nini? Anayeswali kwa ajili ya mgongo ataacha siku mgongo ukipona, na mgonjwa anayeswali kwa kuashiria kwa macho kitandani atakuwa amekosa faida yote. Lakini sisi tunajua kwamba swala ya mgonjwa yule yaweza kuwa nzito kwenye mizani kuliko ya wenye nguvu. Swala ni mja kusimama mbele ya Mola wake kwa sababu ameitwa. Mwili ukipata afya humo, alhamdulillahi, hiyo ni zawadi ya njiani. Anayemtembelea mama yake kijijini hupata matembezi mazuri, lakini akisema ameenda kwa ajili ya matembezi, mama atahuzunika.

Kwa hiyo jibu la "una yoga yako mara tano" linaishusha swala huku likidhani linaipandisha. Tena halimsaidii mwenye shida, kwa sababu dada yule anaswali. Aliuliza akiwa ametoka kuswali Isha pamoja nasi.

Utulivu peke yake hautoshi

Hapa nafika kwenye kiini cha ninayotaka kuyasema. Tunaishi wakati ambao utulivu unatafutwa kama bidhaa. Mwaka 1979 huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alianzisha programu ya kupunguza msongo kwa wagonjwa, akichukua njia za uzingativu kutoka mafunzo ya Kibuddha na mikao ya yoga, na kuziweka katika lugha ya hospitali. Wagonjwa wengi walifaidika. Baadaye njia hizohizo zikaingia kwenye makampuni makubwa, majeshini na kwenye programu za simu. Tarehe 11 Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, na leo siku hiyo inaadhimishwa hata hapa Kigali.

Sina ugomvi na mtu kupumua vizuri. Lakini utulivu ni kama kisu kikali: kinafaa kwa kazi ya aliyekishika. Mwizi anahitaji mkono usiotetemeka. Mlenga shabaha anaidhibiti pumzi yake kabla ya kufyatua. Nchini Japani, katika miaka ya vita kabla ya 1945, walikuwapo walimu wa Zen, watu wa kukaa kimya na kuzingatia, waliounga mkono vita na kuwafundisha askari kutulia mbele ya kifo. Utulivu wao ulikuwa wa kweli. Lililokosekana ni swali la nani atadhurika.

Na hapa ndipo napata kitu cha kujifunza kutoka kwa mpangilio wa Patanjali, japo sifuati njia yake: alianza na kutodhuru, kusema kweli na kutoiba. Alijua kwamba moyo uliotulia bila mambo hayo ni hatari. Sisi na wao tunatofautiana juu ya nani moyo unamwelekea, na tofauti hiyo si ndogo, ndiyo dini yenyewe. Lakini juu ya hili moja, kwamba uzingativu unapimwa nje ya mkeka, hatutofautiani.

Dalili yetu iko kwenye sura ambayo wengi wetu tuliihifadhi utotoni, Sura al-Ma'un. Ina aya saba tu. Inaanza kwa kumtaja anayeikadhibisha dini, na alama yake ni kumsukuma yatima na kutohimiza kulishwa maskini. Kisha, bila kubadili mazungumzo, inawaonya wanaoswali huku wameghafilika na swala zao, wanaojionyesha, na wanaozuia msaada mdogo. Wafasiri waliutolea mfano msaada huo kwa chungu, ndoo na shoka, vitu ambavyo jirani huazimana. Yaani mghafala ndani ya swala na choyo cha ndoo vimewekwa sehemu moja kama ugonjwa mmoja. Anayeswali bila kuhudhuria ndiye yuleyule asiyemwona jirani aliyesimama mlangoni. Kwetu chuoni ndoo hiyo ni chaja ya simu, ni notisi za somo alilolikosa mwenzako akiwa mgonjwa, ni nafasi kwenye meza ya maktaba uliyoiwekea begi na kuondoka.

Na kuna hadithi mashuhuri ya mwanamke ambaye Mtume (S.A.W.) alielezwa wingi wa swala, funga na sadaka zake, isipokuwa alikuwa akiwaudhi majirani kwa ulimi wake. Akajibu kwamba huyo ni wa motoni. Simjui mwalimu wa utulivu aliyetoa mtihani mgumu kuliko huo.

Twamanina iliyoachwa

Kabla ya kutoka nje ya mkeka, hata hivyo, tuukubali ukweli kuhusu mkeka wenyewe. Katika kipindi cha yoga mtu huambiwa akae kwenye mkao mmoja kwa pumzi tano au zaidi, na hukaa. Tazama sasa kwenye vyumba vya swala vya vyuo vyetu saa saba mchana, kati ya kipindi na kipindi. Wapo wanaoinuka kutoka rukuu kabla migongo haijanyooka, na wanaoigusa ardhi kwa paji la uso kama kuku anayedonoa. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, twamanina, yaani viungo kutulia mahali pake katika rukuu, itidali, sijda na kikao cha kati ya sijda mbili, ni sharti la kusihi kwa swala. Ukiiacha, swala haipo.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha mtu aliyeingia msikitini akaswali haraka haraka, kisha akaja kumsalimia Mtume (S.A.W.). Mtume akamrudisha akaswali tena, kwa kuwa alikuwa hajaswali. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu akaapa kwamba hajui kuswali vizuri zaidi ya hapo, akaomba afundishwe. Na alichofundishwa, kwa sehemu kubwa, ni kutulia: arukuu mpaka atulie, asimame mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie. Mwili unatulizwa kwanza ili moyo upate pa kukaa.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya alitaja mambo sita yanayoipa swala uhai: moyo kuhudhuria, kufahamu unachosema, kumtukuza unayemwambia, haiba, matarajio na haya. La kwanza ndilo mlango wa mengine matano. Kwake yeye moyo unahudhuria pale ambapo hamu yako iko, hivyo hauwezi kulazimishwa kwa nguvu. Ukitaka uhudhurie, ubadilishe unachokijali. Nadhani hapa ndipo njia yetu inapoachana na ile ya kuzingatia pumzi peke yake. Pumzi inakusanya fikra, lakini pumzi haikuulizi kitu. Unayesimama mbele yake katika swala anakujua, na atakuuliza.

Baada ya salamu

Kwa hiyo swali la kila siku ni hili: umegeuza uso kulia, umegeuza uso kushoto, umetoa salamu. Dakika inayofuata inafananaje? Salamu ile ni ya amani. Tumewatolea malaika na waumini walio pembeni yetu. Itakuwa ajabu ikiishia kwenye mlango wa msikiti.

Maulamaa wetu walikuwa na majina ya kazi hii. Muraqaba ni kujua kwamba unaonwa, na ndiyo maana ya ihsani iliyoelezwa katika hadithi ya Jibril: kumwabudu Allah kana kwamba unamwona, na kama humwoni, kujua kwamba Yeye anakuona. Muhasaba ni kujihesabia mwenyewe kabla ya kuhesabiwa. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata jina lake kutokana na kazi hiyo. Napendekeza njia chache za kuzileta Kigali.

Ya kwanza ni wakati. Machi 2018 misikiti ya Nyarugenge ilikatazwa kupiga adhana kwa vipaza sauti. Wengi wetu sasa tunaitegemea simu itutetemekee mfukoni. Jaribu, angalau kwa swala moja, kuujua wakati kabla simu haijasema: tazama kivuli, sikiliza moyo wako unaanza kujiandaa. Anayesubiri swala tayari ameanza kuhudhuria.

Ya pili ni udhu. Maji ni yaleyale, lakini unaweza kuosha mikono ukiuliza imeshika nini leo, na mdomo ukiuliza umesema nini. Huhitaji dakika ya ziada hata moja.

Ya tatu ni kutulia baada ya salamu kabla ya kuishika simu. Nyiradi zipo, tunazijua. Anayesema subhanallah mara thelathini na tatu huku kidole kinafungua ujumbe, ameupa mkono mmoja dhikri na wa pili soko.

Ya nne ni barabarani. Dakika ishirini juu ya moto, kutoka Nyamirambo hadi Remera, ni muda wa istighfari kama ukitaka. Lakini muraqaba hasa inaanza mkifika, pale dereva anaposema hana chenji. Mbele yako yuko mtu aliyeamka kabla ya alfajiri na amekubeba salama kupita vilima vyote hivi. Unavyomjibu ndiyo tafsiri ya swala uliyoiswali asubuhi.

Ya tano ni usiku. Kabla ya kulala jiulize maswali matatu: leo nilimdhuru nani, nilimdanganya nani, nilimnyima nani? Ukipata jina, kesho una kazi. Usipopata jina siku saba mfululizo, angalia vizuri.

Sisi Waislamu wa Rwanda tuna sababu yetu pia ya kuyajali haya. Wazee wa Biryogo na Nyamirambo wanakumbuka jinsi neno Umuswahili lilivyotumika. Lilimaanisha Mwislamu, na hapohapo lilimaanisha mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika. Lilikuwa jina la dhuluma, na wengi waliobandikwa walikuwa wakweli kuliko waliowabandika. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, na barabara ya Biryogo iliyofungiwa magari inajaa kila jioni watu wa kila dini wanaokuja kunywa chai. Lakini jina baya haliondolewi na sheria wala na rangi za barabarani. Linaondolewa na deni linalolipwa siku ile iliyoahidiwa, na mzani wa dukani usioguswa kidole. Jirani haoni khushuu yako. Anaona kama ulirudisha ndoo.

Kwa hiyo anayehitaji kunyoosha mgongo na anyooshe, na anayekosa usingizi aende kwa tabibu bila aibu. Atakayealikwa kwenye jambo lenye ibada isiyo yake akatae kwa maneno mazuri. Na sote tuliojaaliwa kusimama mbele ya Mola wetu mara tano kwa siku, tusiifanye swala kuwa mahali pa kupata raha tukatoka tulivyoingia. Raha ikija, tuipokee kama amana, maana kuna watu nje wanaoingoja.

Mwenyezi Mungu azitulize nyoyo zetu kwa kumkumbuka Yeye, awape usingizi wote wanaokesha kwa hofu na majonzi, na azifanye salamu zetu ziwafikie wale tunaoishi nao. Amin.

Wallahu a'lam.